Macho ya Rubani

Mlango ulifungwa kwa nje, na mwanamke ambaye kwao walimwita Macho akausikia mlio wa kitasa. Hakuwa mwizi, hakuwa mhuni, hakuwahi hata kuchelewa kurudisha sufuria ya jirani. Alikuwa mke wa mtu aliyekuja likizo ugenini, na hapo alipoketi alikuwa na kandambili miguuni na gauni la kushindia nyumbani mwilini, kwa sababu waliowachukua hawakumpa nafasi hata ya kuchana nywele.

Chumba kilikuwa na meza ya chuma iliyokazwa sakafuni kwa skrubu, viti vya plastiki vya kijivu, na dirisha ambalo kioo chake kilipakwa rangi nyeupe mpaka juu, hivyo mwanga wa mchana uliingia lakini haukuja na habari yoyote. Ukutani palibandikwa picha ya simu iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Na juu ya meza, ndani ya mfuko wa plastiki angavu, ililala droni. Mikono yake minne imekunjwa, taa zimezimwa, imetulia kama kuku aliyechinjwa anayesubiri maji ya moto.

"Usiikodolee macho hivyo," mumewe akasema. "Watadhani ni yako."

"Na wewe ukiipa mgongo hivyo, watadhani ni ya nani? Imeanguka na mvua?"

Mumewe hakucheka. Alikuwa akienda ukuta hadi ukuta, na kwa urefu wa miguu yake chumba kilikwisha kabla hajaanza kutembea.

Huko kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Mji mzima ulimwita Rubani. Yeye ndiye aliyeleta droni ya kwanza mjini, akaanza kupiga picha za harusi kutoka angani, na tangu siku hiyo shingo yake haikushuka. Harusi isiyopigwa picha kutoka juu ikaanza kuonekana kama harusi ya watu wasio na ndugu. Wachokozi wa kijiweni walimuuliza, "Hiyo si ndiyo inaitwa ndege isiyo na rubani? Sasa wewe rubani wa nini?" Naye alikuwa na jibu lake, halichakai: "Ndege haina, lakini harusi ya dada yako itakuwa naye."

Mkewe walimwita Macho, na jina hilo lilitokana na kazi. Rubani akishaipandisha droni, uso wake huzama kwenye kioo cha rimoti, na kioo hicho huonyesha kile tu ambacho kamera inakitazama. Kamera ikimtazama bibi harusi, haiuoni mti ulio nyuma wala waya wa umeme ulio ubavuni. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa pili, asimame pembeni, kichwa juu, mkono juu, apaze sauti: "Kushoto! Panda! Rudi, rudi, waya!" Mtu huyo alikuwa mkewe, toka mwanzo wa ndoa. Wageni wakipiga makofi, walimpigia mwenye rimoti. Kigari chao cha kazi kiliandikwa RUBANI ubavuni kwa herufi za kujipinda, na jina la Macho halikuwepo hata kwenye bampa. Hakulalamika. Kidole kimoja hakivunji chawa, alijiambia, na chawa akishakufa nani anauliza kidole kipi kilikuwa juu?

Lakini safari hii alikuwa amemkataza. "Likizo ni likizo. Iache nyumbani."

"Mpishi akisafiri huacha ulimi nyumbani?" Rubani alimjibu, na droni ikaingia kwenye begi, katikati ya nguo zao, imeviringishwa kwenye taulo.

Hata asubuhi ya leo alikuwa amemkataza. Kwenye jengo walilopanga chumba, karibu na mlango wa lifti, palikuwa na kibao chenye picha ya droni na mstari mwekundu juu yake, na mtoto asiyejua kusoma angekielewa. Macho alikionyesha kidole. Rubani akasema kile ni kwa ajili ya watoto wanaocheza. Akabeba kiti mpaka roshani, akaketi nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, akaiachia droni ikapaa juu ya mapaa. Macho alibaki ndani na kikombe chake cha chai, amenuna, ameapa kwamba hatainuka.

Kisha akausikia ule mlio. Mtu aliyeishi na mlio huo miaka yote anajua unapokuwa mbali na waya na unapokuwa karibu. Moyo wake ulikataa, lakini miguu haikungoja ruhusa ya moyo. Alijikuta kwenye ukingo wa roshani, chai imemwagika, mkono umenyooka angani, anapaza sauti mtaa mzima usikie: "Waya! Panda! Panda! Kushoto, kushoto zaidi!" Na droni ikapanda, ikaenda kushoto, ikapita salama juu ya ukuta mrefu wenye seng'enge, juu ya uwanja ambao ndani yake magari yote yalikuwa ya rangi moja ya kijeshi.

Hawakumaliza hata kuikunja. Waliobisha mlango walikuwa na sare, na mmoja wao alikuwa na simu inayosema Kiswahili cha bati. Aliisogeza midomoni, akaongea lugha yake, na simu ikatamka bila huruma: "Aliyerusha. Anarudi kwao. Hakuna kuja tena. Milele."

Neno hilo la mwisho ndilo lililokaa na Macho chumbani humu.

Kwa Rubani hii ilikuwa likizo. Kwa Macho ilikuwa ni mdogo wake. Mama yao alipofariki, mdogo wake alikuwa bado anabebwa, na mgongo uliombeba ulikuwa wa Macho. Alimwogesha, alimsuka, alimpeleka shule, akamsindikiza mpaka mlango wa uwanja wa ndege siku alipokuja nchi hii kutafuta maisha. Sasa mdogo wake alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, yuko mtaa wa ng'ambo ya jiji hili hili, na karatasi zake za ukaazi bado zilikuwa zinashughulikiwa. Akitoka nje ya mpaka haruhusiwi kurudi, na mume wake na kazi yake viko hapa. Nyumbani hawezi kuja. Aliyeweza kuja ni Macho peke yake. Na walikuwa hawajaonana bado, maana walipotua Rubani alisema, "Kwanza jiji, ndugu baadaye. Mimba haikimbii."

"Sikiliza, mke wangu," Rubani akasema sasa, na akasimama.

Macho aliinua kichwa. Akiwa hana shida humwita "wewe" au "mama." Akisema "mke wangu" kuna kitu anataka.

"Hawa watu wanawaonea huruma wanawake. Nimesoma mahali."

"Ulisoma wapi? Kwenye kibao cha lifti?"

"Acha utani. Wewe ukisema ulirusha wewe, watakuona mama wa watu, hajui, amechezea kitu cha mumewe. Watakukemea, yataisha."

"Simu imesema milele."

"Simu! Simu inajua nini?" Akavuta kiti, akaketi karibu, sauti akaishusha. "Unajua kesho kutwa nakutana na yule bwana anayeandaa harusi. Ameziona kazi zangu zote. Harusi zake si kama zetu za kukodi maturubai, ni watu wanaoolewa kwenye mahekalu ya vioo. Anataka mtu wa angani. Anataka mimi! Nimeisubiri nafasi hii ujana wangu wote. Nikifungiwa mlango wa nchi hii, nimekwisha. Lakini wewe huku una nini?"

Macho alimtazama, akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

"Nina mtoto wangu huku," akasema taratibu.

"Mdogo wako."

"Mwite unavyotaka, lakini mimi ndiye niliyemuogesha. Na akijifungua nani atamuogeshea mwanawe? Wewe?"

"Atakuja nyumbani siku moja."

"Hawezi kutoka, na unajua hawezi kutoka. Nimekuambia mara ngapi?"

"Basi mtaongea kwa simu ya picha. Siku hizi watu wanalea kwa simu."

Joto la chumba lilikuwa linapanda. Hapakuwa na feni, na lile dirisha lililopakwa rangi halikuwa na mkono wa kufungulia. Macho alijaribu kuvuta hewa ya kutosha, akaipata nusu. Kumtaja mume mbele ya watu wa nje ni kumvua nguo sokoni, hivyo ndivyo alivyofundwa na shangazi zake, na mafundisho ya shangazi hayavuliwi kama kandambili. Kukaa kimya ni kumzika mdogo wake akiwa hai. Alitazama kona hii ya chumba, akatazama ile, na kila kona ilikuwa ukuta.

Kitasa kikalia.

Aliingia afisa mwanamke, mwembamba, nywele zimekatwa karibu na ngozi, amebeba kompyuta ndogo kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa mtu. Nyuma yake alikuja mwanamume mnene wa makamo mwenye jasho shingoni, ambaye alitabasamu kabla hajaketi.

"Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mkalimani. Mkisema asali natafsiri asali, mkisema pilipili natafsiri pilipili. Kwa hiyo kaka, dada, msije mkatukanana hapa nikatukanwa mimi."

"Hatuna ugomvi," Rubani akasema.

"Mashallah. Wote huanza hivyo."

Afisa aliigeuza kompyuta iwaelekee. Ilikuwa video iliyopigwa na mtu wa jengo la ng'ambo. Macho aliiona roshani yao, mashuka yanapepea, na mbele ya mashuka akamwona mwanamke ambaye kwa kitambo kidogo hakumtambua. Mwanamke yule alisimama kifua mbele, mkono umenyooka angani, sauti yake inakata mtaa. Alinyoosha kushoto, na kile kidude angani kikaenda kushoto. Alipandisha kiganja, nacho kikapanda. Ungedhani anakivuta kwa uzi. Na Rubani? Rubani alionekana magoti tu chini ya shuka, na kandambili zake mbili, kama mtu aliyejificha choo cha shimo wakati wa kuhesabu mchango.

Mkalimani alipiga mluzi mdogo, akakumbuka kazi yake, akakohoa.

Afisa alizungumza kwa utulivu, naye mkalimani akafuata nyuma. "Anasema, sheria yao inamshika aliyerusha tu. Aliyekuwepo hana kosa. Aliyerusha anaondoka, na jina lake linawekwa kwenye mitambo ya mipaka yote, hapiti tena. Anasema ameitazama hii video, na yeye anaona rubani ni dada. Sasa anauliza: ni kweli?"

Swali lilitua kwa Macho. Alimgeukia mumewe, akamtazama usoni, akampa muda. Alimpa muda kama unavyompa mtu mlango apite kwa heshima yake mwenyewe, wewe ukiwa umesimama pembeni. Sema, alimwambia kwa macho. Sema wewe, nisiseme mimi.

Rubani alilamba midomo.

"Ni yeye," akasema.

Mkalimani hakutafsiri mara moja. "Kaka, rudia?"

"Ni yeye. Yeye ndiye rubani wetu." Na alipoanza, ulimi ukapata mteremko. "Huko kwetu watu wote wanajua. Mimi nabeba begi, nachaji betri, nashika mwavuli. Fundi ni yeye. Ana jicho huyu, bwana, hajawahi kugusa waya. Bila yeye hakuna picha hata moja ambayo ingetoka."

Macho aliyasikia maneno hayo yakipita juu ya meza. Miaka yote, kwenye harusi za watu, jua la utosi likimchoma na shingo imekakamaa kwa kutazama juu, alikuwa akingoja siku mumewe atayasema. Alikuwa ameyapanga hata na mahali: labda mbele ya mama mkwe, labda usiku wa sikukuu, mbele ya wageni. Na leo yamesemwa, kweli tupu na uongo mtupu vimepikwa chungu kimoja, na kila sifa ilikuwa msumari unaoufunga ule mlango.

Afisa alimtazama Rubani, akamtazama Macho, akaitazama mikono ya Macho iliyolala mezani. Akasema kitu kifupi.

"Anasema," mkalimani akajifuta jasho, "wakati fulani waliwahi kumrudisha mtu kwao, kumbe aliyerusha alikuwa shemeji yake, na huyo shemeji akarudi kurusha tena wiki iliyofuata. Afisa mwenyewe ndiye aliyelaumiwa. Kwa hiyo hataki maneno. Twende uani, dada airushe mbele yake."

"Hapa?" Rubani akashtuka. "Sasa hivi?"

"Kwani kaka, wewe una wasiwasi gani? Fundi si yeye?"

Uani palikuwa kama kisima kikavu cha zege. Kuta za ghorofa pande zote, madirisha yote yamefungwa, na huko juu kipande cha mbingu mraba, kidogo kama leso. Magari ya kazi yaliegeshwa ukutani. Kutoka jengo moja hadi jingine, juu ya vichwa, waya mmoja mweusi ulikatiza kuelekea taa ya nguzo. Macho aliuona waya huo kabla hajauona mlango. Askari wawili watatu walitoka na vikombe vyao kuja kutazama, maana hata ofisi ya huzuni haikosi watu wanaopenda sinema ya bure.

Afisa aliiweka droni chini, akamkabidhi Macho rimoti.

Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Hakuwahi kuishika. Hata mara moja. Rubani alikuwa haruhusu: "Vidole vyako vina mafuta," alikuwa anasema, au "Utaniharibia mipangilio." Macho alijua upana wa kila uchochoro wa mji wao kutoka juu, alijua kila nguzo na kila tawi, lakini hakujua gumba la kushoto linafanya nini na la kulia linafanya nini. Aliikodolea kama mtu aliyepewa usukani wa meli kwa sababu tu ameshinda maisha yake ufukweni akiipungia mkono.

Alimtazama mumewe. Rubani alikuwa amesimama kando ya gari, mikono imening'inia mapajani, macho yameganda kwenye zege.

"Dada, anasema endelea."

Akasukuma. Mapanga yake ya kuzunguka yakalia, vumbi likaruka, na droni ikajirusha juu kama panzi aliyekanyagwa. Ikayumba. Akasukuma kwingine, ikainamia ukutani. Akashtuka, akarudisha, ikageuka yenyewe na kumpa mgongo, na kutoka hapo hata kulia na kushoto kwake vikabadilishana nyumba. Ilikuwa inapanda. Ilikuwa inapanda na kusogea, kusogea na kupanda, na huko ilikokwenda palikuwa na kitu kimoja tu.

"Waya," akasema.

Hakumwambia afisa. Alimwambia yule ambaye amekuwa akimpazia neno hilo miaka yote ya ndoa, na ambaye siku zote, likimfikia tu, aliokoa.

"Waya! Shuka, kulia! Waya!"

Rubani hakuinua kichwa.

Ililia mlio mbaya wa plastiki inayotafunwa. Panga moja likaruka likaenda zake, droni ikapinduka, ikashuka kichwa chini, ikapiga zege mbele ya viatu vya afisa. Mkono mmoja ukavunjika ukabaki unaning'inia kwa nyaya zake nyembamba. Askari mmoja alikuwa na kikombe mdomoni, hakunywa wala hakukishusha.

Ndipo mkalimani, ambaye hakuwa ameulizwa neno, akasema kwa upole, "Kaka. Hivyo vidole vyako vina nini?"

Wote wakageuka.

Uso wa Rubani ulikuwa wa jiwe, macho yake yalikuwa kwenye zege vile vile. Lakini pale mapajani, mikono yake ilikuwa imejikunja nusu, kama imeshika kitu, na magumba mawili yalikuwa yanasukuma hewa. La kushoto linashuka, la kulia linavuta kulia. Shuka, kulia. Shuka, kulia. Droni imeshavunjika, imeshatulia, na magumba bado yalikuwa yanaiokoa.

Aliona kwamba wanayatazama. Akayaingiza mifukoni, upesi, lakini mfukoni nako ungeona kitambaa kinavyotikisika.

Afisa alimwendea Macho, akaipokea rimoti kutoka mikononi mwake, na kuuliza swali kwa sauti ya chini, sauti ya mwanamke kwa mwanamke.

"Anauliza mara ya mwisho, dada," mkalimani akasema. "Nani alirusha?"

"Mke wangu," Rubani akasema. Hivyo tu. Ndani ya maneno hayo mlikuwa na shangazi wote, na mama mkwe, na kigari chenye jina ubavuni, na nyumba.

Macho alitazama juu, kwenye kile kipande cha mbingu. Waya ulikuwa bado unacheza.

"Mimi niliangalia," akasema. "Kazi yangu ni kuangalia. Aliyerusha ni huyu. Na kama kwenu kutazama juu ni kosa, basi mniandike kwa hilo."

Mkalimani alitafsiri, polepole kuliko kawaida yake, na Macho aliona jinsi maneno yake yalivyopita usoni pa afisa. Jibu lilikuwa fupi.

"Anasema kutazama juu ni bure."

"Umeniuza!" Rubani akapasuka. Askari mmoja akasogea, lakini Rubani hakusogea, mwili wote ulikuwa umehamia kwenye sauti. "Mbele ya watu! Mimi mumeo! Umeniuza kama kuku!"

"Nimekuuza? Sokoni alinileta nani?" Macho hakujua kwamba sauti yake ya harusi ingefaa na ndani ya kuta hizi, iligonga madirisha, ikarudi. "Nilikupa nafasi, nikakaa kimya mpaka mate yakakauka, nikisema huyu ni mwanamume, atajitaja! Ukajitaja mbeba begi. Haya, beba!"

Mkalimani alianza kutafsiri, afisa akamwashiria aache. Ilionekana ameshaelewa.

Waliwarudisha kwenye chumba kile kile, meza ile ile, dirisha lile lile lisiloonyesha kitu. Mlango haukufungwa mara hii, ila askari alisimama kizingitini, na Macho aligundua kwamba mlango ulio wazi wenye mtu hauna tofauti kubwa na ukuta. Rubani aliketi. Bila kuzunguka kwake chumba kikawa kidogo zaidi. Pasipoti mbili ziliwekwa mezani. Afisa akaichukua moja, akaisogeza upande wake, nyingine akaiacha katikati.

"Kaka ataondoka na ndege ya kesho asubuhi," mkalimani akaeleza. "Mpaka hapo ni mgeni wao, humu ndani. Jina lake linaingia kwenye mitambo. Dada hana kosa. Viza yake iko palepale. Akitaka, watampatia nafasi ndege hiyo hiyo aondoke na mumewe. Asipotaka..."

"Tunaondoka wote," Rubani akasema. Hakumtazama mkewe. Alisema kama mtu anayehesabu mizigo yake. "Mwambie. Wote wawili."

Mkalimani akamgeukia afisa na kufungua kinywa.

"Mimi nabaki," Macho akasema.

Mkalimani akakifunga kinywa, akasubiri.

"Unasemaje?"

"Nabaki. Namsubiri mdogo wangu ajifungue. Nikimaliza siku zangu nitarudi."

Rubani alicheka kicheko kisicho na meno. "Utarudi wapi? Mimi nitafika kabla yako. Unaelewa? Nitakaa sebuleni kwa mama, watakuja wote, na mimi ndiye nitakayesimulia kwanza. Ukifika utakuta hadithi imeshaiva."

Na hilo lilikuwa kweli. Macho aliliona lote, kutoka juu, kama alivyozoea kuona mambo: sebule, viti, mama mkwe amejifunika kanga mabegani, wifi zake wanapiga midomo. Aliona atakavyoshuka kwenye gari na watu wakanyamaza. Kwa kitambo kidogo mkono wake ulibaki hewani juu ya ile pasipoti, haujui kama unachukua au unarudi.

"Simulia," akasema. "Lakini usisahau ile sehemu ya mwavuli."

Akaichukua pasipoti.

Rubani alimtazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu uani, na hasira ilikuwa imeanza kumvuja ikiacha kitu kingine ambacho Macho hakutaka kukichungulia, maana akikichungulia ataondoka naye.

"Begi ni moja," Rubani akasema. "Nguo zako zote zimo kwenye begi langu. Nao wamelileta, liko huko nje kwao. Utaondoka na nini? Na hilo gauni?"

Macho alijitazama. Gauni la kushindia, doa la chai kifuani, kandambili.

"Zipeleke nyumbani," akasema. "Nitavaa za mdogo wangu. Saa hizi za kwake nyingi hazimwenei."

Akasimama. Askari wa kizingitini alimtazama afisa, afisa akaitikia kwa kichwa, askari akasogea. Macho alipofika mlangoni alimgeukia mkalimani, akamtajia jina la mtaa wa mdogo wake, akalirudia ili aseme vizuri, na kumuuliza ni basi gani linafika huko.